Mgeni Wangu na Hoteli za Kisumu

Juma lililopita nilipata mgeni, na kwa ajili yake nimeweka kando habari niliyokuwa nimekusudia kuandika, ili nieleze jambo la kula katika hoteli za mji wetu wa Kisumu. Huenda mtu akasema, "Kula nako kwahitaji kuandikwa gazetini?" Namwomba avumilie kidogo. Karani anayekula mchana mbali na nyumba yake, na mkulima anayekuja mjini kwa shauri la hospitali au la benki, wote wawili huacha fedha zao hotelini. Na mahali wanapoziacha pana maana kuliko tunavyodhani.

Mgeni wangu ni mjomba, ndugu yake marehemu mama. Ni mkulima wa mahindi na vitunguu upande wa Bungoma, mzee aliyepita miaka 70, naye alikuja kutibiwa macho. Aliiona Kisumu mara ya kwanza mwaka 1968, alipokuwa utingo wa lori la mahindi. Tangu nilipopata kazi hapa hakuwahi kunitembelea, na ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili nilipiwe karo ya shule. Basi nilitaka sana aone kwamba ng'ombe yule hakupotea bure.

AIBU YANGU

Jioni ya kwanza nilimpeleka katika hoteli moja kubwa, ambayo sitaitaja jina, yenye vitambaa vyeupe mezani na madirisha yanayotazama ziwa. Nilivaa tai. Mhudumu alileta orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu, nami nikamfasiria mjomba kwa sauti, nikijiona mtu mkubwa. Mjomba akachagua samaki mzima na ugali, kwani alisema mtu hawezi kufika Kisumu akarudi kwao bila kula samaki.

Samaki akaletwa pamoja na uma na kisu. Mjomba akaomba maji ya kunawa. Mhudumu akamwonyesha kwa kidole chumba cha kunawia, upande wa pili wa ukumbi, kisha akaenda zake. Mzee, ambaye siku ileile alikuwa ametiwa dawa machoni, alitazama ukumbi ule mrefu, akawatazama watu waliokuwa wakila kimya, akachukua uma. Lakini samaki mwenye mifupa haliki kwa uma na mtu asiyezoea, seuze mwenye macho mabovu. Alidokoa mara tatu au nne, akauweka uma chini, akasema ameshiba.

Kabla hatujaondoka alimwuliza mhudumu kwa upole, "Mwanangu, samaki huyu amevuliwa wapi?" Kijana hakujua. Akaenda kuuliza jikoni, akarudi na jibu kwamba samaki alitoka katika sanduku la barafu, na sanduku lilitoka ng'ambo. Mjomba hakusema neno, akageuza uso kuelekea dirishani, ambako maji ya ziwa yalikuwa bado yakionekana.

Nililipa fedha ambazo zingetutosha kula siku tatu. Tulipofika nyumbani nilimsikia mjomba akimwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini, kama kulikuwa na kiporo cha ugali. Hapo ndipo nilipoona haya. Nilikuwa nimemlisha mzee wangu fahari, na bila mke wangu angalilala na njaa.

WANAPOKULA WATU WENYE KAZI

Asubuhi mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, leo nipeleke wanapokula watu wenye kazi." Tukaenda katika hoteli ndogo karibu na stendi ya mabasi, yenye mabenchi ya mbao na sufuria kubwa ya chai ya maziwa. Watu walitusogezea nafasi. Tukala chapati na maharagwe, na mandazi yaliyokuwa bado moto. Kabla mjomba hajamaliza kikombe cha pili alikuwa amekwisha kuzungumza na dereva wa lori na mama mwenye hoteli, akajua bei ya vitunguu katika soko la Kibuye. Ilikuwa mbali sana na bei aliyokuwa akipewa na mchuuzi anayekuja kununua shambani kwake. Mama yule alimwambia kwamba yeye hununua vitunguu kila juma, na kwamba vikiwa vikavu na vizuri hatajali vimetoka wapi. Wakapeana nambari za simu. Haya yote hayakuwamo katika orodha ya vyakula ya hoteli yangu yenye vitambaa vyeupe.

Mchana tulikula kwa Wahindi. Reli ilifika ukingoni mwa ziwa mnamo Desemba 1901, na wenye maduka wa Kihindi wakaifuata. Na kwa kuwa wengi wao dini yao yawakataza nyama, wamejua tangu zamani kupika dengu na mboga zikamshibisha mtu wa kazi. Mjomba alikuwa akiamini kwamba mlo usio na nyama wala samaki ni mlo wa mgonjwa. Alipomaliza wali, dengu, viazi vya bizari na achari alikaa kimya, kisha akaniuliza kama dengu zaweza kumea Bungoma. Siku ya pili mchana tulikula pilau katika hoteli ya Waislamu karibu na msikiti, na huko tuliletewa birika na bakuli la kunawia hata hatujaomba.

UKINGONI MWA ZIWA

Jioni ya siku ya pili tulikwenda Dunga, kusini ya mji, ambako mitumbwi huleta samaki. Wasomaji wa zamani watakumbuka vibanda vya Lwang'ni, jina ambalo kwa Kijaluo maana yake ni inzi. Mahali pale palikuwa na sifa kubwa kuliko jina lake, mpaka vibanda vilipovunjwa mwaka 2019 wakati bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Wapishi wa samaki hawakutoweka pamoja na mabati yao. Wengine utawakuta mahali pengine, wakikaanga samaki, kisha kumtia mchuzi wa nyanya na vitunguu, na kumpakua pamoja na ugali na mboga za kienyeji.

Mama wa kibanda tulichoingia alileta kwanza maji ya vuguvugu, sabuni na bakuli, akammiminia mjomba mikononi. Kisha akatuonyesha samaki wabichi tuchague. Mjomba akauliza swali lake lilelile, "Mama, hawa wamevuliwa wapi?"

Yule mama hakukasirika. Alituambia kwamba wale wakubwa wanaolingana walifugwa katika vizimba ndani ya ziwa, na wale wadogo waliletwa asubuhi na mtumbwi, akatuonyesha mtumbwi wenyewe. Akaongeza bila kuficha kwamba sokoni wako pia samaki wa masanduku kutoka China, ambao wamekuwa wakiletwa tangu miaka ya 2010, na kwamba baadhi ya wapishi huwanunua kwa kuwa ni rahisi. Mjomba akamwomba fulu, wale samaki wadogo aliowala mwaka 1968. Mama akacheka, akasema, "Baba, hao uliwaacha na ujana wako."

Hakukosea sana. Sangara, ambaye hapa aitwa mbuta, hakuwa samaki wa ziwa hili hapo kale. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka hata akawamaliza fulu wengi. Naye ngege wa asili amekuwa adimu. Yule tumwitaye ngege leo mara nyingi ni wa aina nyingine iliyoletwa ziwani katika miaka ile ile ya 1950.

Mbuta alileta fedha pia. Viwanda humkata minofu na kuisafirisha ng'ambo, na yanayobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ambayo watu wa Kisumu huyaita mgongo wazi. Katika mtaa wa Obunga akina mama huyakaanga na kuyauza, na jamaa nyingi za kipato kidogo hupata kitoweo chao hapo. Nilipomweleza mjomba habari hii alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo mnofu unakwenda ng'ambo, sanduku linatoka ng'ambo, na mwenye ziwa anabaki na mfupa." Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko yeye, lakini sikuwa nimeyaunganisha mambo hayo matatu.

Alikula samaki wake kwa mkono, taratibu, akimpapasa mifupa kwa vidole vilivyokuwa vikiona kuliko macho yake, na hakubakiza ila kichwa, nacho akakirudia.

USHAURI KWA MSOMAJI

Sisemi kwamba hoteli kubwa ni mbaya na vibanda ni vyema. Ziko hoteli kubwa zinazonunua samaki wa ziwani na kumpokea mzee kwa heshima, na viko vibanda ambavyo sahani huoshwa kwa maji yaliyooshea sahani 50 kabla yake. Kipindupindu kimeupiga mji huu zaidi ya mara moja, nacho hakichagui kati ya karani na mchukuzi. Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

La kwanza, tazama maji kabla ya kutazama chakula. Mahali pasipo na maji safi na sabuni ya kunawa, usile, hata harufu ikikuita. Sheria yawataka wapishi na wahudumu wapimwe afya na wawe na cheti. Kuuliza cheti si utovu wa adabu.

La pili, uliza chakula kimetoka wapi. Mwenye hoteli akijua kwamba wateja huuliza, naye atamwuliza anayemwuzia. Samaki wa sanduku si sumu, na maskini ana haki ya kununua kilicho rahisi. Lakini asiuzwe kwa jina la ziwa na kwa bei ya ziwa. Fedha uliyolipia vitunguu vya Bungoma au samaki wa Dunga hurudi kwa mtu ambaye kesho atamlipia mwanawe karo. Wewe karani, huenda karo yako ilitoka huko huko.

La tatu, ukiwa na mgeni, mwulize yeye anapenda kula wapi. Mimi sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa nikijilisha mwenyewe kwa macho ya watu.

Siku ya tatu nilimsindikiza mjomba stendi. Nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya jioni ile ya kwanza, lakini sikujua nianzie wapi. Yeye akanitangulia. "Mpwa wangu," akasema, "nilipouza ng'ombe yule sikutaka uje kunilipa kwa kitambaa cheupe. Nilitaka uwe mtu anayeweza kunisomea barua. Sasa nisomee nambari ya yule mama wa chapati, nihakikishe nimeiandika vyema." Nikamsomea, naye akaifuatisha kwa kidole, tarakimu moja moja.

Jana mama yule aliniambia kwamba amepokea magunia mawili ya vitunguu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona, nawe msomaji, ukifika Kisumu na njaa, usisahau kuuliza.