Usimlaumu fundi wa taa

Jamani, kuna ugonjwa umetuingia vijana wa mjini. Mtu akishapata gari la kupandia milima, kabla hata hajakagua breki, anawaza spotilaiti. Mbili kwenye bampa, nne juu ya keria. Muulize waya zake zimepita wapi, atacheka. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipokaribia kuungua porini.

Kisa chenyewe hiki hapa. Ofisi ilinituma Chunya kwa njia ya Itigi na Rungwa. Tulikuwa watatu: mimi, mpiga picha na dereva wetu tunayemwita Mzee. Gari Land Cruiser ya zamani, taa zake hafifu, kwa hiyo kabla ya safari nikapewa hela ya kuongeza taa mbili za wati 100 kila moja. Fundi akaniandikia orodha: taa, swichi, waya mnene, rilei, fyuzi. Nikaona bei imezidi. Nikamwambia, "Kaka, punguza hapo, mimi nataka ziwake tu." Akanitazama, akafuta mistari mitatu ya mwisho, akatumia waya mwembamba aliokuwa nao. Jioni taa zikawaka. Ofisini nikajisifu kwamba nimeokoa hela.

Giza lilitukuta njiani, mbali na kijiji chochote. Tukasikia harufu ya plastiki, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi. Mzee akazima swichi ya zile taa, moshi ukazidi. Akazima gari, bado. Na nyuma yetu yalikuwepo madumu mawili ya dizeli! Mzee hakusema neno. Alichukua spana namba 10, akafungua boneti na kuchomoa kichwa cha betri. Hapo ndipo moshi ukakata. Tulilala pale pale, kila fisi akilia tunashtuka.

Asubuhi akanionyesha. Waya ulitoka betri moja kwa moja hadi kwenye swichi, ukapita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Mtikisiko wa barabara ukauchuna, ukagusa bodi, ikawa shoti. Kuzima swichi hakukusaidia kitu, kwa sababu shoti ilikuwa kabla ya swichi. Kuzima gari nako hakukusaidia, kwa sababu waya ulikula betri moja kwa moja. Kitu pekee ambacho kingekata umeme ule ni fyuzi, ambayo mimi mwenyewe niliiondoa kwenye orodha. Mzee aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, rahisi ghali."

Nilipopata fahamu nikafanya hesabu ya kidato cha pili. Wati 200 gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Mzigo huo haupitishwi kwenye waya wa redio wala swichi ndogo ya dashibodi. Ndiyo maana kuna rilei. Swichi inapeleka umeme kidogo tu wa kuiamsha, na mzigo wenyewe unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia rilei kwenye pini namba 30 na kutokea namba 87 kwenda kwenye taa. Pini 86 na 85 ni za swichi na ethi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana kazi yake ni kulinda waya, sio taa. Kwa taa kama zetu, fyuzi ya ampea 25 na waya wa milimita za mraba 4 vinatosha. Ethi ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na kila tundu liwe na mpira. Tena waya mwembamba unakuibia mwanga wenyewe, unaishia kununua globu kubwa bure.

La mwisho, hizo taa ziwake pale tu ulipowasha ful. Ukidimu, nazo zizime zenyewe. Fundi apime kwa testa kwanza, maana baadhi ya Toyota swichi ya taa hukata upande wa ethi. Hii si mbwembwe. Dereva wa basi uliyempofusha kwenye kona amebeba watu zaidi ya 50, na anakuja upande wako.

Sasa hoja yangu. Ajali ikitokea tunasema fundi wa chini ya mwembe hakusoma. Wangu alijua kila kitu, alikiandika kwa mkono wake. Mwenye shahada ndiye aliyemfutisha. Sisi wasomi tunalipia kinachoonekana: taa, rangi, muziki. Kisichoonekana tunakiita gharama ya bure. Fundi naye ana watoto, ukimbana bei atakupa ulichokilipia. Kosa lake ni kukubali, kosa letu ni kuomba.

Nimerudi kwake, nimemwomba radhi, na orodha yote imenunuliwa, safari hii kwa hela yangu. Aliponiuliza kama nipunguziwe, nilitazama chini.

Wewe mwenye shangingi lako, leo jioni fungua boneti. Fuata waya wa spotilaiti kuanzia betri. Kama huoni fyuzi, usiwashe. Naomba kutoa hoja.