Godoro la Bweni Lisinunuliwe kwa Maneno ya Muuzaji

Mzigo mwepesi kuliko yote unaopakiwa kwenye mitumbwi ya injini pale Kibirizi ni godoro la sponji. Vijana wawili hubeba kumi kwa safari moja, wakayapanga juu ya magunia ya unga na madumu ya mawese, na chombo kikaelekea kusini kwenye vijiji vya mwambao. Wepesi huo ndio uliolifanya godoro hili lishinde godoro la sufi na la usumba katika kila bweni kuanzia Ujiji hadi Kasulu na Kibondo. Wepesi huo huo ndio hatari yake, na wale waliokabidhiwa dhamana ya kununua magodoro kwa fedha za umma hawana budi kuuelewa.

Sponji ya poliuretani si pamba wala si mpira wa mti. Ni zao la mafuta ya petroli, lililoumuliwa kwa kemikali likajaa hewa kama mkate. Kipande cha godoro la kawaida kina hewa nyingi kuliko kitu chenyewe. Mwalimu yeyote wa sayansi anajua maana ya hali hiyo: kuni na hewa vimekwisha changanywa, kinachosubiriwa ni njiti. Likishika moto, godoro halifukuti kama sufi. Huyeyuka, likadondosha matone yanayowaka juu ya aliyelala kitanda cha chini, na likatoa moshi mweusi wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Wengi wanaokufa katika moto wa namna hiyo huwa wamekwisha kuzirai kwa moshi kabla miali haijawafikia.

Taifa hili limekwisha kulipa ada ya somo hilo. Mwaka 1994, katika sekondari ya Shauritanga huko Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Mwaka 2009, Idodi mkoani Iringa, wasichana 12. Mwaka 2020, Kyerwa mkoani Kagera, watoto 10 wa shule ya msingi. Majirani nao wamelia: Kyanguli nchini Kenya mwaka 2001, vijana 67, Budo nchini Uganda mwaka 2008, watoto 19. Kila mara mjadala umekuwa mmoja: nani aliwasha? Ni mshumaa, ni nyaya za umeme, ama ni hujuma ya mtu mwenye chuki? Swali hilo ni la haki na polisi wanapaswa kulijibu. Lakini limeachwa lifunike swali la pili, ambalo si la polisi bali la ofisi za ugavi: moto ulipoanza, ulikuta chakula gani mle ndani, na nani alikinunua?

Hapo ndipo yanapoingia maneno ya wauzaji. Wapo wanaomwambia mkuu wa shule kwamba godoro lao limetiwa chumvi maalumu na haliungui. Neno hilo "chumvi" lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli imekwisha kuua watu wengi kuliko uwongo mtupu.

Ni kweli kwamba ziko chumvi za kemikali zinazopunguza kasi ya moto. Fosfati ya amonia, ambayo ni ndugu wa mbolea ya DAP anayoijua kila mkulima wa Kasulu, ikipata joto hutoa amonia na kubakiza asidi. Asidi hiyo huifanya pamba au mti kugeuka mkaa badala ya kutoa gesi inayowaka. Boraksi nayo imetumika kwa muda mrefu kwenye nguo na mbao. Ipo pia hidroksaidi ya alumini, ambayo ikichomwa hutoa maji yake na kupooza moto. Haya si ramli, ni sayansi.

Lakini mtu wa Kigoma hahitaji maabara kujua tabia ya chumvi. Huko Uvinza watu wamechemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mjukuu wa mchemsha chumvi anajua kwamba kilichotoka majini hurudi majini. Chumvi nyingi za namna hiyo huyeyuka. Godoro lililochovywa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa huonekana sawa na jingine siku ya kupokelewa. Mtoto wa darasa la tatu akilikojolea, matroni akalifua na kulianika, mvua ya masika ikavuja kwenye paa, katika mihula michache ile kinga imekwisha kwenda mferejini. Stakabadhi inabaki kwenye jalada ikisema godoro ni salama. Tena fosfati ya amonia, inayofanya kazi vizuri juu ya pamba, haifanyi kazi kama hiyo juu ya sponji, kwa sababu sponji haikuumbwa na kile kinachogeuka mkaa kwa urahisi. Ili chumvi ifae, kiwanda hulazimika kutumia aina isiyoyeyuka upesi, kuichanganya tangu kemikali zikiwa bado majimaji, na kuitia kwa wingi. Ikitiwa kwa wingi, godoro huwa zito, gumu na ghali. Basi muuzaji anayetangaza godoro jepesi kama manyoya, la bei ya chini kuliko wenzake, ambalo pia haliungui, aulizwe bila haya: chumvi hiyo umeificha wapi?

Na hata godoro lililotiwa dawa kwa uaminifu halikuahidi kutoungua. Linachelewesha. Linaweza kulishinda kaa la sigara au njiti ya kiberiti iliyoanguka. Halilishindi bweni ambalo tayari linawaka.

Wako wasomi watakaosema dawa ni rahisi: tunakili sheria za wakubwa. Hiyo ni kasumba, na historia ya wakubwa wenyewe inaikataa. Uingereza iliamka baada ya duka la Woolworths mjini Manchester kuungua tarehe 8 Mei 1979 na watu 10 kufa kwa moto ulioanzia kwenye samani za sponji. Mwaka 1988 ikapitisha kanuni kali. Marekani, katika jimbo la California, ilikuwa imeweka kipimo chake tangu 1975. Viwanda vikatimiza vipimo hivyo kwa njia iliyovipunguzia gharama, navyo vikajaza sponji kemikali za bromini na klorini. Dawa ya bromini iitwayo tris ilipigwa marufuku Marekani kwenye nguo za kulalia za watoto mwaka 1977. Ndugu yake wa klorini akaondolewa kwenye nguo hizo, akahamia kwenye sponji za makochi. Kemikali nyingine ya bromini iliyojaa kwenye sponji, ile ya penta, iliingizwa katika orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, baada ya kugundulika katika damu ya watu na maziwa ya akina mama. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu 2004. California yenyewe ilibadili kipimo chake mwaka 2013 ili sponji isilazimike kutiwa dawa hizo. Kunakili leo kile walichokitupa jana ni kuwalaza watoto juu ya sumu kwa kuogopa moto, na huku makochi yao makuukuu yakiendelea kupakuliwa katika bandari za Afrika.

Kigoma ina sababu yake ya pekee ya kuwa macho. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zipatazo 1,250 kwa reli, na sponji hujaza behewa kabla haijafikisha uzito. Kila senti ya usafiri inamsukuma mfanyabiashara achague godoro lenye hewa nyingi zaidi, na godoro lenye hewa nyingi zaidi ndilo linalowaka upesi zaidi. Kisha iko jiografia. Bweni likiungua Buhingu au Kalya, gari la zimamoto lililoko mjini haliwezi kufika kwa wakati. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 haikulipa gari hilo mbawa. Huko mwambao, dakika tano za kwanza ni za mwalimu wa zamu peke yake, na dakika hizo tano ndizo godoro baya linazoiba.

Zabuni inayosema "magodoro 200, futi mbili na nusu, inchi nne" haijasema kitu. Iandikwe uzito wa sponji kwa mita ya ujazo, jina la dawa iliyotiwa, na cheti cha kipimo cha moto kinachotambuliwa na Shirika la Viwango Tanzania. Na godoro moja katika shehena likatwe na kuchomwa nje, mbele ya kamati ya mapokezi, kabla hundi haijasainiwa. Afisa atakayelalamika kwamba ni hasara kuchoma godoro zima la serikali aonyeshwe hesabu ya Shauritanga. Magodoro yavikwe foronya nzito ya pamba isiyovulika ovyo. Taa za jua, ambazo wavuvi wengi wa dagaa wamezikubali badala ya karabai, ziingie mabwenini, kwani kuondoa mshumaa na kibatari kunafaa kuliko chumvi ya kiwanda chochote. Na nondo zilizochomelewa madirishani kwa kisingizio cha kuzuia wezi na watoro, huku mlango wa pekee ukifungwa kwa kufuli na ufunguo ukilala kwa matroni, zifunguliwe.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Huenda ni kweli. Lakini kuandika mistari mitatu zaidi kwenye fomu ya zabuni hakugharimu fedha, wala kukata kufuli la mlango wa pili hakungoji bajeti ya mwaka ujao. Muhula ukifunguliwa, wakaguzi wa elimu wa wilaya zote za mkoa waanze ukaguzi wao bwenini saa mbili usiku, watoto wakiwa wamelala, wahesabu milango inayofunguka kutoka ndani.