Mvuvi wa Miguu Hana Namba ya Chombo

Maji yakitoka siku za bamvua, miamba ya Kigombe, wilayani Muheza, hujaa watu. Wanawake kwa wanaume hushuka kwa miguu, kijiti mkononi, wakachokoa mashimo ya pweza mpaka bahari ianze kujaa tena. Hawana ngalawa wala mashine, na hakuna nahodha wa kuwasemea. Lakini takwimu za uvuvi, tangu enzi za daftari, zimezoea kuanza na chombo: namba yake, urefu wake, idadi ya mabaharia. Mchokoaji pweza anaulizwa swali lisilomhusu hata kabla kapu lake halijatazamwa.

Miaka ya karibuni Tanzania imeanza kuhamisha kazi hiyo kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu, kwa mfumo unaojulikana kama eCAS. Ni hatua ya kuungwa mkono kwa nguvu zote. Hata hivyo, fomu mbovu ya karatasi ikiingizwa kwenye simu jinsi ilivyo, inabaki mbovu. Faida kubwa ya simu ni kwamba jibu la kwanza linaweza kufungua swali linalofuata au kulifunga. Kwenye karatasi mchukua takwimu huelekezwa kwamba kama jibu ni hapana, aruke hadi swali la 14, na akichoka atasahau kuruka. Simu haichoki.

Pwani ya Tanga inadai fomu ya namna hiyo kuliko mahali pengi. Mchukua takwimu akichagua "kwa miguu", maswali yote ya chombo yafungwe. Akichagua ngalawa ya tanga, swali la lita za mafuta lisionekane kabisa. Akichagua boti ya faiba yenye mashine, lijitokeze. Mvuvi wa madema aulizwe ana madema mangapi na yamelala majini siku ngapi. Wa mshipi aulizwe ndoano. Dagaa wahesabiwe kwa ndoo, kama wanavyouzwa, na pweza apimwe mmoja mmoja, kwa sababu Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Wastani wa kapu zima hauwezi kuonyesha kama kanuni hiyo inafuatwa.

Na wa jarife aulizwe kina. Swali hilo lina historia yake hapa. Katikati ya miaka ya 2000, majarife yaliyotegwa kwenye maji marefu ya pwani hii yalianza kupandisha silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani jamii yake ilitoweka pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kunaswa kwao Tanga kulichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, ambayo Kigombe imo ndani yake. Fomu inayoandika "nyavu" bila kutaja ni nyavu gani na zilishushwa kina gani haina msaada wowote kwa samaki huyo, wala kwa mvuvi anayeambiwa ahamishe jarife lake.

Masharti haya ya kufungua na kufunga maswali yakikosekana, hasara inamwangukia mtu. Fomu ikilazimisha namba ya chombo, mchukua takwimu aliyebanwa na foleni ya wachuuzi ataandika sifuri tatu, au namba ya ngalawa iliyo karibu, ili mradi ukurasa ukubali kusonga mbele. Kuanzia hapo mama aliyetembea mwambani anahesabiwa kama baharia wa chombo ambacho hajawahi kukipanda, au hahesabiwi kabisa. Siku kikao kikikaa kujadili kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, ataonekana vipi kuwa naye ana riziki yake humo? Anayetengeneza fomu anaamua nani aonekane, hata kama mwenyewe anajiona fundi wa programu tu.

Kuna kosa jingine, dogo kwa macho na zito kwa kazi: kitufe kilichofifia. Mtengenezaji hukifanya cha kijivu, kisibonyezeke mpaka kila kitu kijazwe. Ofisini, kwenye kioo kikubwa, mantiki yake inaonekana. Ufukweni, jua la saa sita likiwa linawaka juu ya simu ya bei nafuu, kijivu na cheupe ni kitu kimoja, na mtu anabaki anagonga kioo asijue simu imegoma kwa sababu gani. Mwongozo wa huduma za kidijitali wa serikali ya Uingereza unashauri vitufe vya namna hiyo viepukwe inapowezekana, kwa sababu havionekani vizuri na vinachanganya watumiaji. Ushauri huo unaifaa Tanga zaidi ya London. Kitufe kiachwe kibonyezeke, kisha kiseme wazi: "Hujaandika uzito wa pweza wa tatu."

Vichupo, yaani vichwa vya kurasa vinavyopangwa juu ya fomu, vinahitaji uamuzi wa busara pia. Kwa mchukua takwimu vina faida. Vyombo hurudi kwa pamoja, na anaweza kuacha mavuo ya ngalawa moja katikati akimbilie boti inayoshusha, mradi simu ihifadhi alichokwisha kuandika hata pasipo mtandao, na kichupo chenye kosa kiwekewe alama. Lakini fomu si za mavuo tu: kwa kijana wa Kigombe anayeomba mkopo wa chuo mara moja tu maishani, vichupo sita ni milango sita asiyojua aanze na upi. Huyo aongozwe swali kwa swali. Akisema amefiwa na mzazi, ndipo aombwe taarifa za cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Ambaye wazazi wake wako hai asikutane na swali hilo la simanzi.

Mafundi wazingatie jambo moja zaidi. Mtu akichagua mashine, akaandika lita 20, kisha akagundua kosa na kubadili kuwa tanga, swali la mafuta linatoweka machoni, lakini zile lita 20 zinaweza kubaki ndani na kutumwa. Hapo ngalawa ya tanga itakuwa imechoma petroli. Swali likifungwa, jibu lake lifutwe, na nafasi iandikwe "haihusiki", kwa sababu haihusiki na sifuri ni vitu viwili. Chombo kilichorudi kitupu kina sifuri ya kweli.

Haya hayahitaji mitambo mipya. Sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi nchi nzima, kwa hiyo uzoefu upo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa kushirikiana na wizara inayosimamia uvuvi, iweke sharti kwamba hakuna toleo jipya la fomu ya mavuo litakaloanza kutumika kabla ya kujaribiwa ufukweni. Aliyeitengeneza aje Kigombe na akae kando kimya, huku mchukua takwimu akijaza kwa mchokoaji pweza mmoja, ngalawa moja na boti moja ya dagaa. Kila atakaposita na kuuliza "hapa niandike nini?", pafanyiwe marekebisho, kisha fomu irudishwe kwa jaribio la pili. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, hivyo muda wa kusubiri hautazidi wiki mbili.