Tusiwaondoe Watoto Kwenye Okestra

Mitihani ikikaribia, cha kwanza kuondolewa ni muziki. Mtoto huambiwa aweke fidla chini ashike kitabu, na mara nyingi fidla hiyo hairudi tena mkononi. Wazazi wenzangu, tunafanya hivyo kwa nia njema, tukidhani tunampunguzia mzigo. Mimi nasema tunamwachisha shule ambayo hataipata kwingine, shule ambayo faida yake itabaki naye hata asipogusa tena chombo maishani mwake.

Hebu itazameni okestra ya vijana ikiwa mazoezini. Wapiga fidla hukaa wawili wawili, stendi moja ya nota kwa watu wawili. Ukurasa ukiisha, aliyekaa upande wa ndani huacha kupiga akaufunua upesi, na mwenzake wa upande wa hadhira huendelea bila kukatiza. Mfunua kurasa hapigiwi makofi, lakini akichelewa, wote wawili wamepotea. Nyuma yao mpiga tarumbeta yuko kimya, chombo magotini, anahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne, mbili, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, tatu, nne. Huenda akangoja kurasa nzima kwa ajili ya sauti chache tu, na akiingia kabla ya zamu yake ameharibu kazi ya wote. Ni somo gani jingine linalomfundisha kijana wa miaka 14 kwamba kunyamaza kwake nako ni kazi, na kwamba watu wanakitegemea kimya chake?

Mitihani yetu humpima mtoto peke yake, na humkataza kabisa kumsikiliza jirani. Kesho akiajiriwa wodini, kiwandani au ofisini, atatakiwa kufanya kinyume chake kila siku. Tumemzoeza wapi?

Wala jambo hili si geni kwetu. Akhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanza mwaka 1905, kimelea wapiga fidla, udi na kanuni kwa zaidi ya miaka mia moja, na tangu 2002 Dhow Countries Music Academy inawafundisha vijana wa Zanzibar vyombo hivyohivyo. Huko Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 katika mtaa wa Korogocho, jirani na dampo la Dandora. Baadhi ya waliojifunza pale sasa wanawafundisha wadogo zao. Basi asiniambie mtu kwamba okestra ni mchezo wa watoto wa matajiri.

Wapo wanaotaja Venezuela, ambako José Antonio Abreu alianzisha okestra za vijana mwaka 1975 na akatokea humo kondakta mashuhuri, Gustavo Dudamel. Mfano huo ni mzuri, ila unatupotosha tukihesabu mastaa peke yao, maana walio wengi hawatakuwa mastaa, nao ndio ninaowatetea hapa. Tena Geoffrey Baker, mtafiti wa Uingereza, alichapisha kitabu mwaka 2014 akiulaumu mpango huo kwa ukali wa uongozi wake na namna unavyowabana vijana. Lawama hiyo tuisikilize. Mwalimu anayewatia watoto hofu hafai, awe wa fidla au wa hesabu; dawa yake ni kumwondoa yeye, si kuufunga ukumbi.

Okestra huwafundisha kusikilizana hata watu wa pande zinazohasimiana. Mwaka 1999, mjini Weimar, Ujerumani, kondakta Daniel Barenboim na msomi Edward Said waliwakusanya vijana wa Kiarabu na wa Israeli katika okestra moja. Vita havikuisha kwa ajili yao. Lakini walioketi pamoja ilibidi wakubaliane kila mara kama upinde unapanda au unashuka, na kukubaliana huko hakukuwezekana bila kutazamana.

Ninajua vyombo ni ghali. Ndiyo maana nawaomba walimu wakuu watoe chumba kimoja Jumamosi, na vyombo vitumiwe kwa zamu. Nanyi mliopiga zamani mkaacha, ambao fidla zenu zimelala juu ya kabati, zitoeni. Zifungeni nyuzi mpya, mzipeleke kwenye shule iliyo karibu, na kama vidole bado vinakumbuka, bakini hapo saa moja mwafundishe watoto namna ya kushika upinde.