Mwanatumu si Mtoto wa Tumu

Katika kijiji cha Munje, kusini kidogo ya Msambweni, jina Mwanatumu halimshangazi mtu. Ni jina la nyanya, la shangazi na la jirani. Likivuka Likoni na kuingia bara, mambo hubadilika. Mwenye jina hulazimika kulitamka mara mbili, kulitaja herufi kwa herufi, na hatimaye kulitolea maana, kana kwamba majina ya wenzake hayadaiwi maana. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba Mwanatumu ni “mtoto wa Ramadhani”. Jibu hilo ni sahihi nusu, na ile nusu isiyo sahihi ndiyo inayostahili kujadiliwa na wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu inaficha historia ya lugha yenyewe.

Nusu iliyo sahihi ni tumu. Katika mwambao wa Kenya, kuanzia Lamu hadi Vanga, mwezi wa Tumu ndio mwezi wa Ramadhani. Neno hili si kisawe cha kupamba mazungumzo tu, bali ndilo nguzo ya kalenda nzima ya Waswahili. Mwaka wa Kiislamu kwa hesabu ya Kiarabu huanza Muharamu. Waswahili waliipokea miezi ile ile kumi na miwili lakini wakaihesabu kwa njia yao: mfungo ukimalizika na watu wakifungua, huanza mfunguo mosi, ambao ni Shawali, hufuata mfunguo pili, mfunguo tatu, ambao ndio mwezi wa Hija, na kuendelea hivyo hadi mfunguo tisa. Mfunguo sita ndio mwezi wa Maulidi. Baada ya mfunguo tisa huja Rajabu, kisha Shaabani, kisha Tumu tena. Miezi tisa ya mwaka, basi, haina jina lake yenyewe ila idadi ya hatua iliyopiga kutoka Tumu. Anayekitoa Tumu katika kalenda hii amewang’oa wenziwe tisa pamoja nacho.

Sasa na iangaliwe desturi ya kuwapa watoto majina. Mvulana akizaliwa katika mwezi huo huitwa Ramadhani, na jina hilo limejaa kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Msichana huitwa Mwanatumu. Mwezi ni mmoja, lakini mvulana amepewa neno la kitabuni na msichana amepewa neno la nyumbani. Hili halikosi mifano inayolipinga, kwani wako wanaume wengi wa pwani wenye majina ya kienyeji kama Kombo na Makame. Hata hivyo, kwa jina hili mahususi, kina mama ndio waliobaki na neno ambalo shule, gazeti na redio zinaliacha pole pole kwa kulipendelea Ramadhani.

Nusu isiyo sahihi ni mwana. Msomaji wa leo akikutana na mwana huwaza mtoto, na hapo hutafsiri jina zima kwa wepesi. Sarufi peke yake haiwezi kumsahihisha. Angeweza kudai kwamba, kama maana ingekuwa mtoto wa Tumu, umbo lingekuwa “mwana wa Tumu”. Lakini Kiswahili kina mwanachama, mwanamaji na mwanasheria, maneno ambayo yameunganishwa bila kihusishi hicho na hakuna anayeyalalamikia. Kwa hiyo ushahidi hauna budi kutafutwa katika majina yenyewe.

Ushahidi wa kwanza ni Mwanaisha. Mwenye jina hili si mtoto wa mama aitwaye Aisha. Aisha ni yeye. Vivyo hivyo Mwanahalima ndiye Halima, na Mwanahawa ndiye Hawa. (Hili la mwisho lingeweza kuleta utani, maana kwa tafsiri ya mtoto wa Hawa kila binadamu angestahili kuitwa hivyo.) Mwana katika majina haya ni heshima inayotangulia jina, sawa na bibi au bi. Ndivyo alivyoitwa Mwana Mkisi, malkia ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja katika kuanzishwa kwa mji, na ndivyo alivyoitwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858. Hakuna mhadhiri anayefundisha utendi huo akidai kwamba mtunzi alikuwa mtoto wa mtu aitwaye Kupona.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi, nao ni upande wa wanaume. Penye Mwanajuma pana Mwinyijuma. Penye Mwanahamisi pana Mwinyihamisi. Penye Mwanakombo pana Mwinyikombo. Mwinyi ni bwana, mwenye mamlaka, kama katika cheo cha Mwinyi Mkuu wa Unguja. Ikiwa Mwinyijuma ni Bwana Juma, mwenziwe wa kike hawezi kushushwa akawa mtoto wa Ijumaa. Ni Bibi Juma. Mwanakombo naye anaonyesha hasara ya tafsiri ya haraka: kwa kuwa kombo ni kitu kilichopinda, mwenye pupa ya kutafsiri atamfanya mwanamke wa watu kuwa mtoto wa kupinda, ilhali jina limemtaja kwa heshima.

Mwanatumu, basi, ni Bibi Tumu. Mtoto mchanga wa siku saba anapewa jina lenye taadhima ya mtu mzima kabla hajaweza kushika shingo. Ni vigumu kuona kwa nini maana hii nzuri iachwe kwa ajili ya nyingine iliyo dhaifu.

Kuna wanaoweza kupinga. Watasema kwamba kwa wasemaji wa sasa mwana ni mtoto, kwamba maana ya neno ni ile iliyo vinywani mwa watu, na kwamba mwenye jina ana haki ya kulieleza apendavyo. Hoja ya mwisho haina mjadala. Hizo mbili za kwanza zinachanganya mambo, kwa sababu kubadilika kwa maana ni jambo la kuandikwa na kuchunguzwa, si sababu ya kuifuta maana iliyotangulia. Aidha, heshima hiyo ina historia isiyopendeza yote. Katika miji ya pwani Mwana na Mwinyi yalikuwa ya waungwana, huku watumwa wakipewa majina kama Mabruki na Farjala. Sheria ya kukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja 1907. Leo hakuna anayeulizwa nasaba ya babu zake kabla ya kumwita bintiye Mwanatumu, na kijiji cha wavuvi kama Munje kina wenye majina hayo bila ya ngome wala jumba la kifahari. Hayo nayo yanapotea mwana akifanywa mtoto.

Jambo hili linawagusa watu wenyewe pia. Jina likiandikwa Mwanatumu katika cheti cha kuzaliwa, Mwanatum katika cheti cha mtihani na Mwana Tumu katika kitambulisho, mwenye jina atalazimika kula kiapo mbele ya wakili kwamba hao watatu ni mtu mmoja, kwa gharama yake. Karani aliyelisikia neno kwa mara ya kwanza hakosei kwa ubaya; hakufundishwa.

Tena jina linaweza kuwa shahidi. Wazee wengi wa vijijini hawakuandikishwa walipozaliwa, na palipokosekana tarehe pamejazwa tarehe mosi Januari. Chukua mfano wa kubuni wa mama aitwaye Mwanatumu ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Januari 1975. Mwaka huo Ramadhani ilianza mapema Septemba na kwisha mapema Oktoba. Kama alipewa jina kwa sababu ya mwezi, basi jina linajua siku yake ya kuzaliwa vizuri kuliko kitambulisho. Neno “kama” hapa ni la lazima. Katika mwambao huu wajukuu hurithi majina ya bibi na babu zao, na si kila Hamisi alizaliwa Alhamisi. Lakini hata aliyerithi amerithi kutoka kwa mtu fulani, na mnyororo huo una mwanzo.

Kwa upande wa usomi, eneo hili halikusahauliwa kabisa. H. E. Lambert alichapisha kijitabu juu ya Chifundi mnamo 1958, lahaja ya pwani hii ya Funzi na vijiji jirani, baada ya kile cha Kivumba cha 1957. Wanaisimu waliofuata wameshughulikia sauti, viambishi na uhusiano wa lahaja hizo na Chidigo, na kazi hiyo ni ya thamani. Majina ya watu yameachwa nyuma. Kamusi nazo, kwa desturi yake, haziingizi majina ya watu, jambo linaloeleweka. Lakini neno linaloishi ndani ya jina tu halina mahali pengine pa kuhifadhiwa. Wakati huo huo orodha za “majina ya Kiswahili na maana zake” zinazidi kuongezeka. Tangu Kwanzaa ianzishwe Marekani mnamo 1966, maneno kama Imani na Nia yamekuwa majina ya watoto huko, na wazazi hao wana haki ya kutaka maana iliyo wazi. Ubaya ni kwamba orodha hizo hulipa kila jina neno moja la tafsiri, na Mwanatumu akiingizwa humo hataweza kutoka akiwa bibi.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili hakihitaji ufadhili mkubwa ili kufanya jambo hapa. Wanachama wanaotoka Kwale hurudi nyumbani kila likizo. Daftari moja kwa Munje, jingine kwa Bodo, jingine kwa Funzi na Shirazi, yanatosha kuanzia. Cha kuangaliwa ni swali litakaloulizwa. Mama wa miaka sabini akiulizwa “Jina lako maana yake nini?” atajibu kwa adabu lile alilowahi kumsikia mwalimu akisema. Afadhali aulizwe ni nani aliyempa, ni nani aliyelibeba kabla yake, wazee wake walilitamka kama neno moja au mawili, na mwezi uliofuata baada ya mfungo nyumbani kwao waliuitaje.