Mtoto aandike, siye tucheze



Wiki hii hatuandiki juu ya maji, wala barabara, wala umeme. Hayo tutayarudilia, hayaendi popote. Leo tunataka kusema juu ya kaye ya mtoto wa masomo na juu ya watu wa teatri. Wengine wataona ni jambo dogo, eti vijana wamekosa kazi sasa wanacheza. Ni kweli tumekosa kazi. Lakini wasome kwanza mpaka mwisho, halafu watutukane kama bado wanataka.

Tuanzie mbali kidogo. Mu jiji la Chicago, kule Marekani, mwaka 1997, wanawake wawili vijana, Erica Halverson na Halena Kays, walianzisha kikundi cha teatri kisichotafuta faida, kile siye tunaita asbl. Kiliitwa Barrel of Monkeys, siku hizi kinaitwa PlayMakers Laboratory. Kazi yao iko hivi. Wacheza teatri wanaingia mu masomo ya serkali ya jiji, wanakaa na darasa moja kwa muda wa wiki kama sita. Wanacheza na watoto, wanaruka, wanapiga makelele, halafu kila mtoto anachukua kalamu na kuandika hadithi yake. Si insha ya kusahihishwa kwa biki nyekundu, hapana. Hadithi. Akitaka simba aende saloni, simba ataenda saloni.

Kisha wale watu wazima wanabeba yale makaratasi, wanasoma, wanachagua, wanatia nyimbo, wanatafuta mavazi. Wanarudi ku masomo na kucheza zile hadithi mbele ya watoto wote na walimu wote. Jina la mtoto aliyeandika linatajwa, na yeye amekaa pale pale anasikia. Hawaishii hapo: hadithi zingine wanazicheza magharibi mu ukumbi wa jiji, na watu wakubwa wanalipa kiingilio kuona kitu kilichoandikwa na mtoto wa miaka tisa. Mchezo wao wa ukumbini unaitwa That's Weird, Grandma, ni kama kusema: Kambo, hii sasa ni maajabu. New York nako wako wengine, The 52nd Street Project. Willie Reale alikianzisha mwaka 1981 mu mtaa wa Hell's Kitchen: watoto wa mtaa wanaandika, wacheza teatri wa kazi wanacheza.

Tunajua jibu litakalokuja. Kule ni Marekani, kule kuko makuta. Sawa. Na hatusemi watu wafanye kazi ya bure, mcheza teatri naye anakula bukari kama mtu yeyote. Lakini tumekaa tukajiuliza: ile kazi inakula nini hasa? Karatasi. Kalamu. Sanduku la nguo za zamani. Na muda wa watu waliosoma kidogo, wasioona haya kujifanya mbuzi mbele ya watoto arobaini. Karatasi tunaweza kuchanga. Muda, wandugu, njo kitu pekee ambacho siye tuko nacho mingi kuliko wabunge wote. Mu kikundi chetu peke yake tuko na watu wa sheria, wa sosiolojia, wa herufi za Kifaransa, mmoja wa jiolojia ambaye makampuni yote ya hapa yameshapokea barua yake. Diplome ziko ku kabati, zinangoja.

Kitu cha Chicago kilichotushtua si makuta. Ni upande maneno yanakotoka. Hapa Lubumbashi teatri inafika ku masomo, tusidanganye. Tumekulia ndani yake. Inakuja na gari la ONG, tisheti nyeupe, na ujumbe: nawa mikono, chanjo, usikate miti, vote kwa amani. Watoto wanapangwa mistari, wanakaririshwa, wanapigwa picha. Ujumbe ni mzuri, hatukatai, kipindupindu kinaua. Ila tangu tuwe wadogo hakuna siku hata moja mtu aliyeshuka mu ile gari akauliza: na wewe, uko na nini ya kusema? Siku zote mkubwa anaandika, mtoto anakariri. Chicago waligeuza: mtoto anaandika, mkubwa anakariri.

Na mtoto wa hapa kwetu anaandika lini? Anafanya dikte. Anakopia tablo. Anasoma miaka kumi na mbili, na karibu mara ya kwanza serkali kumuuliza anawaza nini ni disertasyo ya hors-session, wakati wa Exetat, akiwa na miaka kumi na nane, na hata pale tayari amekariri utangulizi aliouziwa na kaka wa mtaa. Siye wenyewe tulifanya hivyo. Mmoja wetu aliandika juu ya maendeleo maneno ambayo mpaka leo hayaelewi, na alipata pointi nzuri.

Si kwamba mji huu hauna watu wa teatri. Wazee wetu wa kundi la Mufwankolo walicheza Kiswahili chetu, kile cha hapa hapa, ku radio na ku televizyo, mpaka mama wa soko alikuwa anasema maneno yao. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian aliwauliza juu ya methali moja inayosema mamlaka inaliwa nzima, na wao wakaijenga mpaka ikawa mchezo kamili, bila mtu kuandikiwa mistari ya kukariri. Alitoa kitabu juu yake mwaka 1990. Kitabu kiko kwa Kiingereza, ku maktaba za wazungu. Ni watoto wangapi wa Katuba au Ruashi wanajua hiyo? Na jengo la teatri ya mji, lile zuri la 30 Juin lililojengwa wakati wa ukoloni, leo ndani yake linakaa bunge la mkoa. Hatutasema neno juu ya hapo, kila mtu acheke mwenyewe.

Basi tulijaribu. Tunawaambia namna ilivyokwenda, mazuri na aibu. Masomo hatuitaji, na mtaa hatuutaji, mtaona sababu.

Tulienda saba. Direktere alitaka barua, tukaandika. Alitaka kashe, tukaenda kuitafuta. Mwisho alitupa saa moja ya Jumatano, darasa la tano, watoto sitini na kitu, watatu watatu ku benchi moja. Tangu gratwite ya 2019 watoto wameingia wengi, na hilo ni jambo jema, Katiba ku kifungu cha 43 ilishalisema tangu 2006. Ila kuta hazikuongezeka.

Siku ya kwanza tuliharibu. Siye watu wa harakati, mnatujua. Tulisimama tukasema: leo tutaandika juu ya rushwa. Kimya. Watoto wakatuangalia kama vile wanaangalia ile gari ya ONG. Wakaandika mistari mitatu mitatu, yote sawa: rushwa ni mubaya, tuache rushwa. Tulikuwa tumevaa tisheti tofauti tu. Jioni tuligombana sana kati yetu, na wawili walisema kama hatuwezi kunyamaza tusirudi.

Jumatano iliyofuata tulileta mchezo: chagua kitu kimoja cha nyumbani, kipe mdomo. Kitasema nini? Na tukaongeza: andikeni mu luga yoyote. Hapo sauti ilibadilika. Mtoto mmoja aliuliza pole pole, «Hata Kiswahili?», akiangalia mlango. Siye tunajua ule woga. Wengi wetu tulivalishwa simbole ku shingo kwa sababu ya kusema Kiswahili mu korido. Kiswahili kiko mu Katiba kama luga ya taifa, lakini mu korido kilikuwa kosa.

Wakaandika. Binti mmoja aliandika kwamba bidoni ya njano ya kambo imechoka. Asubuhi bidoni inasema: «Leo siende ku kisima, mutume sufuria.» Sufuria inakataa, iko na kazi ya bukari. Wanagombana mpaka magharibi na nyumba nzima haina maji. Mwingine aliandika juu ya ndala moja iliyoolewa mbali na dada yake. Kulikuwa makosa ya herufi kila mahali, na hatukusahihisha hata moja.

Halafu kijana mmoja, wa benchi la nyuma, aliandika hii. Madamu anasema kila mwenye hajaleta makuta arudi nyumbani. Mmoja anarudi, wawili, kumi, mwisho wote. Madamu anabaki peke yake na viti. Anaona huruma kwa muda, anaanza kufundisha viti. Viti vinasikia vizuri, havipigi kelele. Mwisho wa mwaka viti vinafanya mtihani na vinapita vyote, na serkali inavipa zawadi.

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Kisha tukanyamaza.

Tuliiweka mu zile nne za kucheza. Direktere aliomba kuona maandiko mapema. Haki yake. Alizisoma zote, bidoni ilimfurahisha, na ya viti alitia duara ku neno «makuta». Alisema: hadithi ni nzuri, toeni hapo tu, museme watoto walirudi kwa sababu ya mvua. Hakuwa mtu mubaya. Alikuwa anaogopa wa juu yake, na wa juu yake naye ako na wake.

Siye tulikuwa tayari kupiga kelele, tunajua kufanya hivyo. Lakini tulikumbuka kwamba hadithi si yetu. Tukamwita mwenyewe, tukamweleza yote, tukamuuliza: tubadilishe? Alifikiri. Akasema: «Mukitosha makuta, batoto banarudia nini ku nyumba? Mvua ikinyesha si bote banabakia mu klasi?» Hakuwa anafanya upinzani. Alikuwa anatetea hadithi yake isimame ku miguu. Tangu siku hiyo, kila mtu akitufundisha nini maana ya kuandika, tunamkumbuka yeye.

Hatukutoa neno. Saa ya Jumatano ikafungwa, kwa upole, bila barua.

Tulicheza Jumamosi mu parseli ya mmoja wetu, na wazazi walileta viti vyao, jambo lililosaidia sana kwa hadithi ile. Kabla ya kila mchezo tulitaja jina la mtoto. Binti wa bidoni aliposikia lake alijificha nyuma ya mama yake, halafu akatoka. Kijana wa viti hakucheka hata mara moja. Alikuwa anaangalia kama tunakosea.

Na Madamu alikuja. Hatukumwalika, tuliogopa. Alisimama karibu na mlango wa parseli na mkoba wake. Mjue kitu kimoja juu yake: anafundisha na hayuko ku orodha ya kulipwa na serkali, kama walimu wengi sana wa inchi hii. Makuta ya watoto njo chakula chake. Kumcheka yeye ni rahisi, na sehemu kubwa ya watu walikuwa wanamcheka, mpaka walipomwona. Mchezo ulipoisha alimwendea yule kijana, na sote tukakaza roho. Akamwambia: «Umesahau kuandika kwamba Madamu naye hakulipwaka.» Kijana akajibu kwamba hakujua.

Ndiyo hivyo. Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na tunayaomba kwa majina ya kazi, si ya watu. Wakubwa wa elimu wa mkoa: toeni ruhusa ya maandishi kwa saa moja ya kuandika kila wiki mu masomo ya msingi, ili direktere asibebe woga peke yake, na iandikwe wazi kwamba hadithi ya mtoto haikatwi bila yeye kukubali. Na walimu walipwe. Hilo tunalisema kila mwezi, na mwezi huu tumelisema kupitia viti. ONG za senzibilizasyo: hatuwafukuzi, tunaomba siku moja mje bila ujumbe. Watu wa teatri wa mji huu, wazee na vijana: tunahitaji mtufundishe, sababu siye tunajua kupaza sauti lakini hatujui kucheza sufuria.

Na wewe mwenye diplome ku kabati, uko na Jumamosi. Tunaendelea mu parseli, watoto thelathini wanakuja sasa, na wengine hatukuwaita. Leta kaye moja na biki mbili, moja itapotea.

Yule kijana ameanza ya pili. Madamu anapanda treni kwenda Kinshasa kudai mshahara wake, na kwa sababu hana mtu wa kumsindikiza, viti vinakwenda naye. Treni inaharibika njiani, bila shaka. Bado hajamaliza, na amekataa kutuambia mwisho. Tunatafuta watu wanne wa kucheza viti na mmoja mnene kidogo wa kucheza treni.