Kinini cha gunia kitoke mu nyumba

Wana-kooperative wa Kasenyi, tuseme wazi: kinini cha mahindi, ile dawa ya vidudu inayouzwa kimoja kimoja mu soko bila karatasi yake, hakina nafasi mu nyumba ya mtu.

Ndani yake kuna unga wa fosfidi ya alumini. Ukikutana na unyevu wa hewa, unatoa gesi ya fosfini, na ni gesi hiyo inayoua vidudu. Unga ukiachwa wazi, gesi ingetoka kwa nguvu mara moja, hata kuwaka moto. Ndiyo maana kiwandani wanaukandamiza kwa mashine pamoja na parafini na chumvi ya amonia inayopunguza hatari ya moto, ili unyevu uingie polepole toka juu kwenda ndani. Kinini cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi.

Sasa mtu anakivunja juu gunia lake ni dogo, ama anakisaga achanganye na maharagi. Kazi yote ya ile mashine imekwisha, gesi inamtokea usoni. Tena hapa kando ya Ziwa Albert, penye joto na unyevu, kinaamka haraka kuliko kule milimani. Na gunia liko wapi? Karibu na kitanda cha watoto. Gunia la kawaida halizuii gesi: vidudu vingine vinapona, watu wanavuta. Wengine wanasema, "Tutasikia harufu." Inafanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, Kasenyi, nani ataitofautisha? Na sumu hii haina dawa ya kuifuta mwilini. Muganga anabaki kusaidia moyo na pumzi tu.

Hatusemi itupwe. Ibaki mu depo ya kooperative, ndani ya kopo lake, mikononi mwa watu waliofundishwa, itumike chini ya turubai, mbali na pa kulala. Nyumbani tunapendelea mfuko wa tabaka tatu, uliobuniwa kwa kunde za Kameruni miaka ya 1980. Vidudu vinakosa hewa, vinakufa bila sumu. Bei inauma, ndiyo, tununue pamoja. Ila mahindi yawe makavu kweli: yatie mu chupa kavu na chumvi kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha juani.

Tunaomba kamati ilete jambo hili mu mkutano mkuu ujao, na wauzaji wa vinini waitwe pia.